Mshubiri Uani, Si Kwenye Gilasi



Dada zetu na mama zetu, leo tuna neno ambalo baadhi yenu halitawapendeza. Hata sisi halikutupendeza siku tulipolijua. Linahusu mshubiri, ule ambao vijana wanauita alovera, mmea ambao kwa miaka mitatu tumeusifu, tumeupanda, tumeutengenezea sabuni, na tumeuuza kwenye chupa. Msimamo wetu ni huu: kila nyumba ya kisiwa hiki iwe na mshubiri uani, na kila mama ajue kuupaka. Lakini tuache kuunywa na tuache kuwanywesha wenzetu. Na jina la Mtume wetu (S.A.W.) tulitoe kwenye karatasi za chupa zetu, kwa sababu tumelibandika mahali ambapo yeye hakulisema.

Sisi ni kina mama wa darsa moja, kusini mashariki mwa Unguja, kwenye ardhi ya maweni. Anayezijua sehemu zetu hahitaji kuelezwa. Ukipiga jembe unasikia jiwe kabla hujaona udongo. Wenzetu wa kaskazini na magharibi wana kinongo, ardhi nyekundu inayokubali kila kitu, mpaka kikonyo cha karafuu kikianguka wanasema kitaota. Sisi tuna vijishimo baina ya mawe, na udongo wa kujaza viganja viwili. Maji ya mfereji huja siku yanapotaka yenyewe. Kaskazi ikishika, Januari na Februari, hata mpapai wa uani huinamisha kichwa.

Wengi wetu tunalima mwani. Kilimo hiki kilianza kwetu mwaka 1989, Paje na Jambiani, na kimewasomesha watoto wengi, alhamdulillah. Lakini ni kazi ya kuinama ndani ya chumvi na jua likiwa mgongoni. Ngozi ya mikono hupasuka, na shingo huungua hata chini ya mtandio. Mwenzetu mmoja ndiye aliyetuletea mawazo ya mshubiri. Kwa bibi yake ulikuwepo mmoja, umo ndani ya karai lililotoboka kando ya kisima, haupewi maji na mtu, haupewi samadi, na kila mwaka unazaa watoto wanaomwagikia nje ya karai. Alikuja darsani na majani mawili ndani ya pakacha. Tulijipaka baada ya kutoka pwani, na usiku ule tulilala.

Basi tukataka kulima. Na hapa tuwaambie kosa letu la kwanza, kwani mnaweza kulirudia. Miche ya mwanzo, arubaini na kitu, ilikufa karibu yote, na haikuuliwa na jua. Tuliiua sisi kwa mapenzi. Tulikuwa tunaimwagilia asubuhi na jioni kama mchicha, tunapokezana zamu, tukajisifu kwa bidii. Baada ya wiki tatu majani yakawa laini kama ndizi iliyoiva sana, ukiyashika yanabaki mkononi, na shina linanuka. Mshubiri haufi kwa kiu kwa urahisi. Unakufa kwa kuoza miguu.

Tulipouliza kwa wanaojua mimea tukaelewa. Mimea mingi hufungua vitundu vya majani yake mchana ili kuvuta hewa, na humo humo maji yake yakapotea na joto. Mshubiri hufanya kinyume. Mchana wa jua kali hufunga, na usiku hewa ikipoa ndipo hufungua. Maji unayoyapata huyaweka ndani ya jani nene, kama mtu mwenye mtungi wake wa akiba. Ukiumwagilia kila siku unamlazimisha aliyeshiba kula.

Sasa tunafanya hivi. Mtoto wa mshubiri tunamwacha kwa mama yake mpaka afike shibiri moja (ile ya mkono, msituchanganyie). Tunamtoa na mizizi yake kidogo, tunamlaza kivulini siku mbili tatu jeraha likauke, kisha tunampanda kwenye kichanga kilichochanganywa na udongo na samadi iliyooza vizuri, kiasi kidogo tu. Kopo la rangi linafaa, ndoo iliyovunjika mkono inafaa, karai bovu ndiyo nyumba yake, ila lazima chini kuwe na matundu. Wiki ya kwanza hapati maji kabisa. Baada ya hapo, wakati wa kaskazi, kopo moja la maji kila wiki mbili linatosha, na uhakikishe udongo umekauka kwanza. Masika yakiingia hapati kitu, na makopo tunayasogeza chini ya upenu, maana mvua ya Aprili huoza mishubiri kuliko jua la Februari. Walio kwenye udongo wa kinamo, unaoshika maji, msipande chini kabisa. Jengeni tuta la mawe na kifusi, au tumieni makopo.

Jua likiwa kali sana majani hugeuka rangi ya kahawia nyekundu. Msiogope. Hiyo ni kama ngozi yetu sisi, na mvua za mchoo zikinyesha hurudi kijani. Mbuzi hawaupendi kwa uchungu wake, na kwa kijiji chenye mbuzi kama chetu hilo peke yake ni sababu ya kutosha ya kuulima! Kuvuna, tunasubiri mwaka na nusu hadi miwili, na tunakata majani ya nje tu, yale ya chini, mawili au matatu kwa mara moja. Moyo hauguswi.

Jambo moja kwa wale wanaopenda kwenda kung'oa porini: msifanye hivyo. Shubiri za mwituni ni za aina nyingi na si zote ni hii ya kupaka. Pemba ina yake mwenyewe, ambayo wataalamu wameiita Aloe pembana kwa jina la kisiwa hicho. Biashara ya shubiri za porini baina ya nchi na nchi inadhibitiwa na mkataba wa kimataifa wa CITES, na iliyoachwa huru ni hii ya nyumbani peke yake, Aloe vera. Mtoto mmoja kutoka kwa jirani anatosha kujaza ua wako ndani ya miaka mitatu.

Mpaka hapo mambo yalikuwa mazuri. Tulifanya sabuni kwa mafuta ya nazi, tukatia ute wa mshubiri, tukauza kipande shilingi 2,000. Watalii walinunua, na wenyeji pia. Kisha wateja wakaanza kuuliza: "Na ya kunywa mnayo?" Kwenye makundi ya WhatsApp kulikuwa na maelezo ya kila namna. Inasafisha kizazi, inaondoa kitambi, inatibu sukari, inatibu vidonda vya tumbo, inamrejesha mzazi ndani ya arubaini akawa kama mwari. Na chini kila mara pameandikwa kwamba ni tiba ya Mtume.

Tukatengeneza. Jani zima ndani ya mashine ya kusagia, ganda na vyote, tangawizi, asali, ndimu. Chupa ya nusu lita shilingi 5,000. Tuliandika kwenye karatasi "Shubiri Safi, Tiba ya Sunna". Tunaona haya kuandika hivi leo, lakini ndivyo tulivyoandika, kwa mwandiko mzuri wa mmoja wetu anayesomesha madrasa. Nusu ya mfuko wa ushirika ilikuwa inatoka kwenye chupa hizo.

Aliyetuzindua ni binti wa darsa letu wenyewe. Alikuwa na miezi mitatu ya mimba ya kwanza na hajamwambia mtu, kama ilivyo desturi. Tumbo lilikuwa gumu, hapati choo siku nne, jambo ambalo kila aliyebeba mimba analijua. Akaona aibu kwenda kituo cha afya. Akachukua chupa yetu, akanywa gilasi mbili usiku. Alfajiri mumewe alikuja kutugongea. Binti alikuwa amejikunja, tumbo linamkata kama la kuzaa, ameharisha usiku kucha mpaka midomo imekauka. Tulimpeleka hospitali kwa gari ya jirani. Akatundikiwa maji siku mbili. Mimba ilibaki, alhamdulillah, na mtoto sasa anatambaa. Lakini daktari aliuliza mbele yetu wote: "Nani alimpa hii?" Binti akanyamaza. Hakututaja. Na sisi tuliokuwa pale wanne, wenye mitandio yetu na tasbihi zetu mkononi, tukanyamaza pia.

Kunyamaza kule ndiko kunakotufanya tuandike leo.

Tulirudi tukasoma, na tukawauliza wafamasia na masheikh. Jani la mshubiri lina vitu viwili tofauti. Katikati kuna ute mweupe, unaong'aa, ambao hauna uchungu wa kutisha. Huo ndio wa kupaka. Chini kidogo ya ganda kuna maji ya manjano, yale yanayotoka ukikata na kuchafua nguo doa lisilotoka. Huo ndio uchungu wenyewe, ndiyo shubiri tunayoitaja tunaposema kitu ni kichungu kama shubiri. Ndani yake mna kitu kinaitwa aloini, nacho kinalazimisha utumbo kujikamua. Ukisaga jani zima umesaga dawa kali ya kuharisha, na huwezi kujua umetia kiasi gani, maana jani moja halifanani na jingine. Nchini Marekani dawa za choo za dukani zenye shubiri hii ziliondolewa sokoni mwaka 2002, kwa kuwa watengenezaji hawakuleta ushahidi wa kutosha kwamba ni salama. Shirika la Afya Duniani, katika maandishi yake juu ya mimea ya dawa, linatahadharisha mja mzito na anayenyonyesha. Na mwaka 2016 taasisi ya shirika hilo inayoshughulikia utafiti wa saratani ilichapisha kwamba dondoo la jani zima la mshubiri limo kwenye orodha ya vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani. Ushahidi mwingi ni wa panya, si wa watu, tusitiane hofu kupita kiasi. Lakini sisi tulikuwa tunauza jani zima, tena tunaliita safi.

Baadhi ya wenzetu walikasirika tulipotoa hoja ya kuacha. Mmoja alisema binti yule aliumwa kwa qadari ya Mwenyezi Mungu. Ni kweli, kila kitu ni qadari. Lakini Mtume (S.A.W.) ametufundisha, katika hadithi waliyoipokea Abu Daud, Nasai na Ibn Majah, kwamba anayejitia kutibu watu na hajulikani kwa elimu hiyo anabeba dhamana ya madhara anayoyaleta. Qadari haikuondoa dhamana. Ingekuwa mimba ile imeporomoka, siku ya hisabu tungejibu nini? Kwamba tulihitaji fedha za kununulia makopo?

Mwengine alisema bibi zetu walikunywa. Hili tulilichukua kwa uzito, kwa sababu hatutaki kuwa watu wa kudharau wazee. Tukaenda kwa bibi, yule mwenye karai kando ya kisima. Alicheka mpaka akafuta machozi. Alisema zamani shubiri ilikaushwa, na mtu mzima aliyefunga choo alipewa chembe mfano wa punje ya mtama, mara moja, akaangaliwa. Akasema mwenye mimba hapewi hata kuinusa, kwa kuwa wao walijua kuwa inashusha. "Na nyinyi mmempa gilasi," akasema, "na asali juu yake, asisikie uchungu!" Uchungu ule ulikuwa ni onyo, sisi tukaufunika na asali. Wazee walikuwa na kipimo na walikuwa na makatazo. Sisi tumerithi jina la dawa, makatazo tumeyaacha kaburini.

Sasa tuje kwenye lile lililotuuma zaidi, jina la sunna.

Ni kweli shubiri imetajwa katika hadithi. Kiarabu chake kimeandikwa kwa herufi zile zile za subira, na wote wawili wameingia katika Kiswahili chetu, subira na shubiri. Katika Sahihi Muslim imepokewa kutoka kwa Uthman bin Affan (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alielekeza aliyeumwa macho naye yumo katika ihramu ayapake shubiri. Na Abu Daud na Nasai wamepokea kisa cha Bibi Umm Salama (R.A.), ijapokuwa wapo wanazuoni walioona udhaifu katika sanadi yake. Alifiwa na mumewe, Abu Salama, naye yumo edani, amejipaka shubiri. Mtume (S.A.W.) alimuuliza ni nini, akajibu ni shubiri tu, haina manukato. Akamfahamisha kwamba inang'arisha uso, kwa hiyo aiweke usiku na aiondoe mchana. Akamkataza pia kuchania nywele kwa manukato na kwa hina, na alipouliza achanie nini, akamwelekeza kwenye mkunazi.

Tazameni vizuri, dada zetu. Katika visa vyote viwili shubiri inapakwa. Hakuna aliyeambiwa anywe. Na cha Umm Salama kinatuambia jambo jingine ambalo wauza chupa hawalisemi: shubiri ilihesabiwa kuwa ni pambo, kiasi kwamba mwenye eda alitakiwa aiondoe mchana. Mjane wa siku hizi anayejipaka jeli ya mshubiri mchana kwa kuwa "ni dawa tu" angepaswa kukiuliza kisa hiki kwanza. Na wale wanaokwenda Umra au Hija, na jua la Makka mnalijua, waangalie: jeli nyingi za dukani zimetiwa manukato, na mwenye ihramu amekatazwa manukato. Muulizeni sheikh wa msafara wenu kabla hamjatia kwenye mkoba. Halafu tuseme wazi: hadithi ya macho isimfanye mtu akate jani uani akamulie jichoni. Mwenye kuumwa na jicho leo kuna kliniki za macho, na kutafuta dawa kwa wenye elimu ndiyo sunna yenyewe.

Basi tuliposema "Tiba ya Sunna" kwenye chupa ya kuondoa kitambi, tulimzulia Mtume (S.A.W.). Hatukukusudia, lakini tulimzulia. Na mteja alipolipa shilingi 5,000 alikuwa analipia imani yake kwa Mtume, hakuwa analipia majani yetu. Hilo ndilo lililotufanya tumwage chupa thelathini na mbili kwenye shimo la maji machafu, na mwenzetu mwenye mwandiko mzuri alilia.

Na unyonyeshaji. Kuna desturi ya kupaka shubiri kwenye chuchu ili mtoto aache ziwa. Wengi wetu tumeachishwa hivyo, na wengi wetu tumewaachisha hivyo watoto wetu. Hatutawahukumu mama zetu. Ila kinachopakwa pale ni yale maji ya manjano, yenyewe kabisa, na yanaingia katika tumbo dogo. Qur'ani Tukufu, katika Suratul Baqara, inapozungumza juu ya miaka miwili ya kunyonyesha inataja kuachisha kwa kuridhiana na kushauriana baina ya baba na mama. Kushauriana! Mtoto alale na bibi yake siku tatu nne, apewe uji, abebwe na baba yake usiku. Inachukua muda, na majirani watasema mtoto analia, lakini hatumuachi akiamini kwamba kifua cha mama yake kimemgeukia.

Mtatuuliza, kumbe basi tuulime wa nini? Tuulime kwa kazi yake. Hivi ndivyo tunavyoutumia sasa nyumbani. Jani likikatwa tunalisimamisha ndani ya bakuli, upande uliokatwa chini, robo saa au zaidi, mpaka maji ya manjano yaache kudondoka. Tunaliosha. Tunakata pembeni zenye miba, tunamenya ganda kwa kisu, na ule ute tunauosha tena kwa maji safi mpaka usionekane umanjano. Mara ya kwanza mtu anajipaka kidogo kwa ndani ya kiwiko na kungoja mpaka kesho, maana wapo wanaowashwa. Ute huu unaharibika upesi. Ndani ya friji hauzidi siku chache, na umeme wetu mnaujua, kwa hiyo kata kiasi cha leo tu. Jani lililo kwenye shina halihitaji friji.

Kwa ngozi iliyochomwa na jua la pwani, hatujaona mfano wake. Kwa nywele kavu, nusu saa kabla ya kuosha. Kwa bibi harusi tumeanza kutia ute kidogo kwenye singo badala ya maji ya waridi kwa wale ambao ngozi zao hazipendi manukato, na makungwi wawili wamekubali, ijapokuwa wa tatu anasema tunaharibu singo. Kwa kuungua jikoni, maji kwanza! Maji baridi ya kawaida, yanayotiririka, dakika ishirini, si dawa ya meno, si unga. Baada ya hapo, kama ni moto mdogo na ngozi haijachubuka, paka ute. Tafiti zilizopo zinaelekea kuonyesha kwamba huenda unasaidia moto mdogo kupona mapema, ijapokuwa si tafiti nyingi. Moto mkubwa, au wa usoni, au wa mtoto mchanga, ni wa hospitali, na usipakwe kitu.

Na mwenye chupa yake ya dukani, ya kiwandani, anayeipenda kuinywa? Nyingi ya hizo husema zimetolewa maji ya manjano. Hatuna ugomvi naye, asome karatasi. Ila kama ana mimba, au ananyonyesha, au anatumia dawa za sukari, presha au moyo, azungumze na daktari kwanza, na amwambie daktari ukweli. Tumegundua sisi wanawake tunawaficha madaktari dawa za majani kama tunaficha dhambi, halafu tunashangaa dawa zinapogombana tumboni.

Mfuko wa ushirika umepungua, hatutadanganya. Sabuni hailipi kama chupa. Wateja wawili wakubwa wametuhama, wamekwenda kwa mwengine anayesaga jani zima na kuandika sunna. Kikao cha mwezi uliopita kilikuwa na maneno makali, na wenzetu watatu bado hawajarudi darsani. Tunawaombea, na mlango uko wazi. Tumeanza kuuza miche yenyewe ndani ya makopo, shilingi 1,000, na mafuta ya nazi yaliyotiwa ute kwa ajili ya wanawake wa mwani, chupa ndogo ndogo za siku chache. Kwenye karatasi sasa tumeandika mistari miwili: "Mshubiri. Wa kupaka tu, si wa kunywa." Yule binti ndiye aliyeiandika. Tulipomuomba msamaha mbele ya darsa zima, alisema ataturidhia kwa sharti hilo, aandike yeye.

Wenye kutaka miche, ipo mingi baada ya masika haya, tumeitenganisha jana. Wajane na wazazi walio arubaini hawalipi. Wengine njooni na makopo yenu, na muyatoboe chini kabla ya kuja, kwa sababu msumari wetu ni mmoja.

Wabillahi tawfiq.